Fedha ya Kiingereza ya zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Birika la chai lenye mpini wa mbao, seti ya uma na visu ndani ya kasha la mahameli, jozi ya vinara vya mishumaa: vyombo vya fedha vya Kiingereza bado huzunguka minadani Nairobi, katika maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, na katika masoko ya mitumba ya London ambako Waswahili wa huko hupita siku za mapumziko. Huuzwa na maneno mengi. Mengi kati ya maneno hayo ni nusu kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye bei.

"Kina mihuri, basi ni fedha"

Safu ya mihuri midogo si ushahidi mpaka isomwe mmoja mmoja. Unaowadanganya wengi ni herufi E, P, N na S, kila moja ndani ya ngao yake, mara nyingi kwa mwandiko wa Kigothi ili kwa mbali ifanane na mihuri rasmi. Hicho ni chombo cha aloi ya shaba, nikeli na zinki kilichopakwa fedha kwa umeme. Ndani ya aloi hiyo hamna hata chembe ya fedha. Elkington wa Birmingham alipata hataza ya kupaka kwa umeme mwaka 1840, kwa hiyo chombo chenye herufi hizo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata muuzaji aape.

Kwa vyombo vya Uingereza yenyewe, muhuri wa kutafuta kwanza ni simba anayetembea kuelekea kushoto, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Umetumika tangu 1544, na unathibitisha kwamba kati ya sehemu 1,000 za madini, 925 ni fedha. Fuata muhuri wa mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield hadi 1974, na kuanzia 1975 Sheffield hutumia waridi. Ofisi za upimaji, yaani zinazopima fedha na kuipiga mihuri, za Birmingham na Sheffield zilianzishwa 1773. Ukiambiwa kijiko chenye nanga ni cha 1750, rudisha kijiko mezani.

Herufi ya mwaka, inayoonyesha mwaka chombo kilipopimwa, ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Watu huona "b", hutafuta "b" ya kwanza kwenye jedwali, wakaandika mwaka. Alfabeti ilirudiwa tena na tena, na kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake. Lazima vitu vitatu vikubaliane: mji, umbo la herufi, na umbo la ngao inayoizunguka. Kinachosaidia kupunguza kubahatisha ni kichwa cha mfalme au malkia, kilichopigwa kati ya 1784 na 1890 kuonyesha kuwa ushuru umelipwa. Kikiwepo, umeshajua uko ndani ya karne moja na kidogo.

Namba 925 nayo huchukuliwa kama dalili ya ukale. Kwa Uingereza ni kinyume chake: kazi hiyo ilifanywa na simba, na namba zikawa za lazima mwishoni mwa karne ya 20. Chombo chenye 925 pekee, kinachotajwa kuwa cha enzi ya Victoria, kina maswali ya kujibu. Namba 800 ni habari nyingine. Hiyo ni fedha ya bara la Ulaya. Ikiandamana na mwezi mwandamo na taji ni ya Ujerumani, kuanzia 1888.

"Mihuri ni halisi, basi chombo ni halisi"

Hapa ndipo hata wazoefu huliwa. Mihuri inaweza kuwa halali kabisa, ila si ya chombo kilichoibeba.

Mwaka 1720 serikali ya Uingereza ilianza kutoza ushuru wa peni 6 kwa kila aunsi ya fedha iliyopimwa, ushuru uliodumu hadi 1758. Baadhi ya wafua fedha walipata ujanja: walipeleka kitu kidogo kikapigwe mihuri na kulipiwa kidogo, kisha wakakata kile kipande chenye mihuri na kukilehemu chini ya birika zito ambalo halikupelekwa popote. Vyombo hivyo leo vina umri wa kweli na fedha ya kweli, lakini vililaghai ushuru. Baadaye wakaja walaghai wengine waliochukua mihuri ya kijiko chakavu wakaipandikiza kwenye kitu cha bei kubwa.

Namna ya kuwagundua ni rahisi na haigharimu kitu. Geuza chombo, kisogeze karibu na mdomo, ukipumulie pumzi ya joto hadi kiingie ukungu. Kwa sekunde mbili tatu mstari wa lehemu hujitokeza kuzunguka mihuri, mara nyingi kama duara au mstatili wenye kivuli tofauti kidogo, kwa kuwa lehemu ina mchanganyiko tofauti na bati la fedha lenyewe. Rudia kwenye mwanga wa dirisha, si wa taa. Kisha uangalie mpangilio: mihuri iliyopangwa katika mstari mwembamba ulionyooka chini ya kikombe cha mviringo inatia shaka, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyopigwa kwenye mkono wa kijiko.

Kijiko chenyewe kina kanuni yake. Hadi takriban 1780 mihuri ilipigwa karibu na bakuli la kijiko, na nyundo ya kumalizia ikaivutavuta. Baada ya hapo ilihamia kwenye ncha ya mkono. Kijiko cha "1740" chenye mihuri safi karibu na ncha hakipatani na umri wake.

Tazama pia vilivyogeuzwa kazi. Wakati wa Victoria magudulia ya bia ya karne ya 18 yalitobolewa, yakawekewa mdomo wa kumiminia na nakshi za maua, yakawa majagi. Mihuri ya chini ni ya kweli, mdomo hauna muhuri. Sheria ya Uingereza ya 1973 hairuhusu chombo kilichokwisha kupigwa mihuri kibadilishwe bila idhini ya ofisi ya upimaji. Birika nalo lichunguzwe kifuniko: kifuniko kinachotoka kinatakiwa kuwa na mihuri yake, walau ya simba na ya mtengenezaji, na ilingane na ya tumboni.

Msaada mwingine umeachwa na mafundi wenyewe. Chini ya sinia na mabirika mengi ya karne ya 18 kuna namba zilizokwaruzwa kwa ncha kali, mfano 14 na 10. Huo ni uzito wa siku chombo kilipotoka karakanani: aunsi 14 na peniweiti 10. Aunsi ya fedha ni gramu 31.1, na ina peniweiti 20, kwa hiyo hapo pana aunsi 14 na nusu, sawa na gramu 451 hivi. Weka chombo kwenye mizani. Kikipungua gramu chache, ni miaka mingi ya kung'arishwa. Kikipungua sana, kuna kitu kimekatwa, au nembo ya familia imefutwa kwa kusuguliwa; bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sinia, mahali palipofutwa bati hunepa. Kikizidi, kuna kilichoongezwa.

"Kizito ndicho fedha"

Vinara vingi vya fedha vya Kiingereza ni ganda jembamba lililojazwa lami au plasta, na fimbo ya chuma katikati ili kisimame imara. Uzito wote unaousikia mkononi ni wa vilivyomo ndani, na anayenunua kwa gramu ananunua lami. Kitambaa cha manyoya kilichobandikwa chini ndicho cha kwanza kutiliwa shaka.

Kwa kijiko au uma usio na uwazi ndani, pima msongamano badala ya uzito. Unahitaji mizani ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, glasi ya maji na uzi.

Pima kijiko kikavu. Tuseme ni gramu 62. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani sifuri. Ning'iniza kijiko kwa uzi kizame chote, kisiguse chini wala ubavuni. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 62 kwa namba hiyo. Fedha ya 925 itasukuma karibu gramu 6.0 na kukupa 10.3 hivi, kijiko cha nikeli kilichopakwa kitasukuma karibu 7.1, jibu likawa 8.7. Kosa la kawaida ni viputo vya hewa vilivyong'ang'ania kwenye nakshi, ambavyo hushusha jibu. Tikisa kijiko ndani ya maji kwanza. Visu havipimwi hivi, kwa kuwa mpini una uwazi na ubapa wake ni chuma.

Sonara akidondosha tone la asidi juu ya chombo bila kukwaruza, anapima ngozi tu. Chombo kilichopakwa nacho kitajibu kama fedha.

"Sumaku haikushika, kwa hiyo ni fedha"

Sumaku haishiki shaba, bati, zinki, wala ile aloi ya nikeli. Ikishika, umejua si fedha, isipokuwa kwa kinara chenye fimbo ya chuma ndani. Isiposhika, hujajua lolote.

"Fedha halisi haiwi nyeusi"

Inakuwa. Weusi ni muungano wa fedha na salfa iliyomo hewani, kwenye mayai, vitunguu, sufi na raba. Chombo kilichopakwa nacho huwa cheusi vilevile, maana juu ni fedha. Madoa ya kijani ndiyo ya kuhofia: hayo ni shaba ya chini ikila njia kutokea juu, na pwani, penye chumvi hewani, huja mapema zaidi.

"Shaba ikichungulia, kipakwe upya"

Inategemea kimepakwa vipi. Kabla ya umeme kulikuwa na njia ya Sheffield, iliyogunduliwa na Thomas Boulsover miaka ya mwanzo ya 1740: bati la fedha linaunganishwa na pande la shaba kwa moto, kisha vyote vinabanwa pamoja kuwa bati moja. Vyombo hivyo vina wanunuzi wake, nao wanataka kuiona shaba ile ikijitokeza kwa upole kwenye kona zilizochakaa. Ukikipeleka kikapakwe kwa umeme, umefunika kile wanachokitafuta, na kazi hiyo hairudishwi nyuma.

Kukitambua, pitisha ukucha ukingoni. Mafundi waliulehemu uzi wa fedha pembeni kuficha shaba iliyokatwa, na ukucha hukwama kidogo pale uzi unapoishia. Tafuta mshono wima ubavuni mwa birika, karibu na mpini. Palipochorwa nembo, pumulia tena: kipande cha fedha tupu kilipachikwa mahali hapo ili kalamu ya kuchonga isifike kwenye shaba, nacho huonekana kwa rangi tofauti. Na maneno "Sheffield Plate" yaliyopigwa chini kwa herufi kubwa kwa kawaida ni ya bidhaa za umeme za baadaye. Zile za zamani hazikuhitaji kujitangaza.

"Dawa ya meno na maji ya moto vinatosha"

Dawa ya meno ina chembe za kusugua zilizokusudiwa meno, ambayo ni magumu kuliko fedha. Kwenye chombo kilichopakwa, tabaka la fedha ni sehemu ndogo ya milimita. Miezi michache ya usafi wa bidii huifikia shaba. Chombo kisicho cheusi sana kinataka maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kisha kukaushwa papo hapo.

Njia ya magadi soda na karatasi ya alumini inafanya kazi kweli: tandika karatasi ndani ya beseni, upande unaong'aa juu au chini haijalishi, weka chombo kiguse karatasi, mimina lita moja ya maji ya moto yenye vijiko viwili vikubwa vya magadi soda. Salfa huhama kutoka kwenye fedha kwenda kwenye alumini, ndiyo maana husikika harufu ya mayai viza. Wengine huongeza chumvi. Usiongeze, kloridi hula fedha na kuacha vishimo, na ndiyo sababu vibakuli vya chumvi vya zamani vilipakwa dhahabu ndani au kuwekewa glasi ya buluu. Tatizo la njia hii ni kwamba haichagui. Inaondoa pia weusi uliokaa kwa makusudi kwenye mifereji ya nakshi, na chombo kinabaki bapa kama kilichochapwa jana.

Kamwe usiitumie kwa visu, vinara vilivyojazwa, au pambo lenye jiwe lililogundishwa. Joto hulainisha lami ndani ya mpini, inafura, na mshono wa mpini unaachia. Na wakati wa kuhifadhi, raba ya kufungia vijiko huacha mstari mweusi hata kupitia kitambaa. Funga kwa uzi wa pamba.

"Mpini mweupe ni pembe ya ndovu"

Huenda ni pembe, mfupa, au seluloidi. Tazama ncha ya mpini kwa lenzi. Pembe ya ndovu iliyokatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama wavu wa vitao. Mfupa una vidoa na vistari vyeusi vifupi, mabaki ya mishipa. Seluloidi ina mistari iliyonyooka mno, na ukiisugua kwa kidole hadi ipate joto hunuka kafuri. Sindano ya moto inayopendekezwa na wengi iachwe: seluloidi hushika moto upesi. Ubapa wa kisu ukisomeka "stainless", ni wa baada ya 1913, mwaka ambao Harry Brearley alitengeneza chuma hicho huko Sheffield, japo mpini unaweza kuwa wa zamani zaidi.

Ikiwa ni pembe kweli, inawezekana ilipita Unguja, soko kubwa la pembe za Afrika Mashariki katika karne ya 19, kabla ya kukatwa Uingereza. Ukale wake haukuachii huru kisheria. Uingereza, tangu Juni 2022, inaruhusu kuuza kitu kilichotengenezwa kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, na sharti kisajiliwe kwanza. Birika la fedha lenye vipande viwili vidogo vya pembe vya kuzuia joto mpinini linaweza kupita. Kisu chenye mpini mzima wa pembe kwa kawaida hakipiti. Kuvusha mpaka kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ombi linalopelekwa kabla ya safari, si dirishani uwanja wa ndege.