Zigizaga: maana ya pikipiki kutembea kwa kupishana

Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, wa Goma akifariki, wenzake humsindikiza. Pikipiki hujaza barabara nzima, honi zikilia, bega kwa bega, gurudumu la mbele la huyu likikaribia kugusa namba ya yule. Uchungu ule naujua. Lakini ni katika msafara wa namna hiyo nilipoona pikipiki tatu zikianguka kwa sababu ya jiwe moja, na tangu siku hiyo kila anayenisikiliza namweleza neno hili: zigizaga.

Si kuyumbayumba barabarani, wala kuchomeka katikati ya magari kama tunavyofanya mtaani Birere. Ni mpangilio. Chukua upande wako wa barabara, kwetu Kongo ni wa kulia, uugawe kwa macho kuwa vijia viwili: kimoja karibu na mstari wa kati, kingine karibu na ukingo. Kiongozi anashika cha kushoto. Wa pili anashika cha kulia, sekunde moja nyuma yake. Wa tatu anarudi kushoto, sekunde mbili nyuma ya kiongozi, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Ukiwatazama toka juu utadhani nyayo za mtu anayetembea: kushoto, kulia, kushoto.

Kwa nini sekunde, si mita? Kwa sababu mita hudanganya. Ukiwa kilomita 40 kwa saa, kila sekunde unakula mita 11. Ukifika 60, karibu mita 17. Macho yaone, akili iamue, mkono ubane breki: sekunde nzima au zaidi imekwisha, na pikipiki bado haijaanza kupunguza mwendo. Ukiwa umebeba abiria wawili, itahitaji nafasi zaidi ya kusimama. Kupima ni rahisi. Aliye mbele yako kwenye kijia chako akipita nguzo au kibanda, anza kusema taratibu "mia moja na moja, mia moja na mbili." Ukifika pale kabla hujamaliza, umemkaribia mno.

Siku ile tulikuwa tumepita Mugunga, tunaelekea Sake. Jiwe la lava, ukubwa wa ngumi mbili, lilikuwa limelala njiani. Aliyekuwa mbele aliliona, akakwepa kulia. Kulia palikuwa na mwenzake, ubavu kwa ubavu. Mipini ikapigana, wote wawili chini, na wa tatu, mita mbili nyuma yao, hakuwa na pa kwenda. Mmoja alivunjika mkono. Wangekuwa kwenye zigizaga, yule wa mbele angekuwa na upana wote wa upande wake wa kulikwepea jiwe, kwa kuwa pembeni yake pangekuwa patupu. Nafasi ile inayoonekana kama inapotea bure ndiyo inayowalinda wote.

Zigizaga haifai kila mahali. Kwenye kona, kwenye vumbi zito, kwenye mawe, au barabara ikibana, kundi linakuwa mstari mmoja na nafasi inaongezeka: angalau sekunde mbili kati ya kila pikipiki na inayoifuata. Kiongozi huinua mkono wa kushoto na kidole kimoja juu. Mkono wa kulia hauachi mpini wa mafuta. Panda barabara ya Kibumba uone sababu ya kuwa mstari mmoja. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inateremka na shehena ya kabichi, breki yake ni kipande cha tairi ambacho mwenyewe anakikandamiza kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Hawezi kukupisha ghafla. Na kwenye kupita gari, kila mtu anapita kwa macho yake: nafasi aliyoiona aliyekutangulia huenda imeshafungwa ukifika wewe.

Kuna jambo la pili, ambalo wengi hawalijui. Kundi huvutika kama mpira. Kiongozi akiongeza mwendo kidogo, wa pili anachelewa kidogo, wa tatu anachelewa zaidi, na wa mwisho anajikuta anakimbia sana ili asiachwe. Ndiyo maana kundi kubwa hugawanywa kuwa madogo ya watano au saba, asiye na uzoefu huwekwa nyuma tu ya kiongozi, na mkiani anakaa mtu mzoefu anayeijua njia. Kwenye njia panda humfuati tu wa mbele: unasubiri mpaka wa nyuma yako akuone unakokunja.

Na ili umwone wa nyuma yako, unahitaji vioo. Wengi wetu tumeving'oa au kuvikunja ndani ili tupenye kwenye msongamano. Ndugu zangu, virudisheni kabla ya msafara. Bila kioo utageuza shingo kumtafuta mwenzako, na wakati huo wa mbele yako anabana breki.

Na wanaovuka Bunagana kwenda Kisoro wakumbuke kwamba Uganda hutembea kushoto. Kijia cha karibu na mstari wa kati sasa ni cha kulia, kwa hiyo kiongozi anahamia huko na wote wanageuza zamu zao. Simameni mpakani, zimeni injini, muelewane nani anashika upande gani ndipo muondoke.