Je, wajua kwa nini mwanamke wa miaka 70 aliweza kushindana na wanaume juu ya farasi?

Mwaka 1972, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Munich, Mwingereza aitwaye Lorna Johnstone aliingia uwanjani akiwa juu ya farasi siku chache tu baada ya kutimiza umri wa miaka 70. Hakutengewa kundi la wazee wala kundi la wanawake, bali alipimwa na waamuzi walewale, kwa alama zilezile, pamoja na wanaume ambao baadhi yao angeweza kuwa mama yao au hata bibi yao. Anatajwa mpaka leo kuwa mwanamke mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kushindana katika Olimpiki ya majira ya joto. Katika riadha au kuogelea jambo hili haliwezekani. Kwa nini basi liliwezekana juu ya farasi?

Kwetu Dodoma swali hili linaweza kuonekana la mbali, kwa kuwa farasi tunamfahamu kwa maneno zaidi kuliko kwa macho. Kila mtu katika mji huu wa Bunge na Serikali amesikia mara nyingi kwamba fulani ameshika hatamu, lakini ni wachache waliowahi kushika hatamu yenyewe, yaani ule ukanda unaotoka kwenye lijamu iliyo kinywani mwa mnyama hadi mikononi mwa mpandaji. Uhaba huo una sababu zake. Afrika kusini mwa Sahara kuna ugonjwa wa virusi unaosambazwa na usubi wanaouma nyakati za usiku, nao huweza kuua zaidi ya farasi tisa katika kila kumi wanaoupata bila kinga, ilhali punda na pundamilia kwa kawaida huupata bila kudhoofika sana. Ukiongeza na mbung'o waliokuwa wakiua mifugo katika mapori mengi ya nchi, utaona kwa nini mnyama wa kazi aliyedumu Ugogo ni punda. Utafiti wa vinasaba unaonyesha kwamba punda alianza kufugwa mashariki mwa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya farasi wa leo kufugwa kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Punda ni ndugu wa karibu wa farasi, na aliyewahi kuishi na punda ana pa kuanzia katika kulielewa jibu.

Mimi nilianzia kwa bibi yangu mzaa mama, aliyeishi kijijini upande wa Bahi. Alikuwa na punda jike mmoja wa kuchotea maji, aliyebeba madumu manne ya lita 20 kutoka kisimani, na katika miaka yote niliyokaa naye sikumwona akimpiga fimbo. Alimwekea kiganja shingoni, akasimama kidogo, kisha wakaondoka pamoja. Siku moja nilitaka kumsaidia, nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote za kijana wa miaka kumi na minne, na yule punda akakita kwato zake ardhini asisogee hata hatua moja. Bibi alikuja, akaniambia niilegeze kamba kwanza, kwa sababu mnyama akivutwa naye huvuta. Wakati huo niliona ni maneno ya wazee tu, na sikujua kwamba bibi alikuwa amenieleza kanuni ambayo wapandaji wakubwa wa farasi hutumia miaka mingi kujifunza.

Farasi mmoja mzima huwa na uzito wa kilo 400 hadi 600. Hakuna mwanamume, awe na misuli kiasi gani, anayeweza kumlazimisha mnyama huyo kwa nguvu za mikono, na hapo ndipo tofauti ya nguvu kati ya mwanamume na mwanamke inapopoteza uzito. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, ambaye kwa mamilioni ya miaka amesalimika kwa kuhisi hatari mapema na kukimbia. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa na huona karibu pande zote bila kugeuka, kila sikio huzunguka peke yake kufuata sauti, na ngozi yake huhisi nzi mmoja anapotua, akaisisimua sehemu ileile tu. Kiumbe mwepesi wa hisia namna hiyo hahitaji kusukumwa. Mpandaji stadi akiegemea nyuma kidogo, akibana pumzi, akigeuza bega au akikaza paja, farasi hupokea habari hiyo kupitia mgongo wake kabla hatamu haijaguswa.

Hupokea pia habari ambazo mpandaji hakukusudia kuzituma. Watafiti nchini Sweden waliwahi kuwaambia watu waliokuwa wakiongoza au kupanda farasi kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla mbele yao. Mwavuli haukufunguliwa, lakini mapigo ya moyo ya watu yaliongezeka kwa kuusubiri, na mapigo ya farasi, ambao hawakuwa wamesikia lolote kuhusu mwavuli, yakaongezeka pia. Kwa hiyo anayefaulu juu ya farasi ni yule aliyejifunza kuutuliza mwili wake mwenyewe, na utulivu wa namna hiyo, tofauti na kasi ya miguu, haupungui mtu anapofikisha miaka 40 au 50. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu kubwa ya jibu: mchezo huu hudai maarifa ambayo umri huyaongeza.

Lakini wanawake hawakuachiwa uwanja huo kirahisi. Mpaka mwaka 1948, mashindano ya Olimpiki ya mwenendo wa farasi, yaitwayo dresaji, ambamo waamuzi hupima jinsi farasi anavyotekeleza miondoko kwa kufuata ishara za mpandaji, yalikuwa ya maofisa wa jeshi na wanaume waungwana tu, na sharti hilo lilikuwa kali kiasi kwamba timu ya Sweden ilinyang'anywa medali ya dhahabu ya mwaka huo baada ya kubainika kwamba mpandaji wake mmoja alikuwa sajini wala si ofisa. Masharti yalilegezwa katika michezo ya Helsinki ya mwaka 1952, na miongoni mwa wanawake wachache walioingia mara hiyo alikuwamo Lis Hartel wa Denmark.

Habari za mama huyu nizitajapo huwa sipendi kuzipitia haraka. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na akiwa mjamzito, alipatwa na polio iliyompooza. Alijifungua mtoto mwenye afya, akajifunza upya kutumia mikono na mapaja, lakini kuanzia magotini kwenda chini miguu haikurudi. Alirudi kwa farasi hivyo hivyo. Alihitaji kuinuliwa ili apande na kuteremshwa alipomaliza, na kwa kuwa hakuweza kumwamuru farasi wake Jubilee kwa visigino, kama wafanyavyo wapandaji wote, walijenga lugha yao ya kuegemea na kuhamisha uzito wa mwili. Kwa lugha hiyo alipata medali ya fedha Helsinki, akishindana na maofisa wa jeshi, na mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, ndiye aliyemsaidia kupanda jukwaani. Mwaka 1956 alipata tena medali ya fedha. Mfano wake uliwasukuma wataalamu wa Ulaya kuanza kutumia farasi katika tiba ya viungo, na msingi wa tiba hiyo unaeleweka vizuri: farasi anapotembea, mgongo wake huiyumbisha nyonga ya mpandaji mbele na nyuma, kushoto na kulia, karibu sawasawa na nyonga ya mtu anayetembea kwa miguu yake. Kwa mtu mzima anayezeeka, mwendo huo ni mazoezi ya mizani ya mwili.

Leo mbio za farasi, kwa maana ya kwenda kasi, ni jambo jingine kabisa, na halihusiki hapa. Katika dresaji, kuruka viunzi na mashindano ya siku tatu, yanayochanganya hayo mawili na mbio za kuruka vikwazo nyikani, wanawake na wanaume bado hushindana moja kwa moja, jambo ambalo halipo katika mchezo mwingine wowote wa Olimpiki kwa mashindano yake yote. Isabell Werth wa Ujerumani alipata dhahabu yake ya kwanza Barcelona mwaka 1992. Miaka 32 baadaye, jijini Paris mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 55, alipata dhahabu nyingine pamoja na timu yake na fedha ya mtu mmoja mmoja, na wote watatu waliosimama jukwaani katika dresaji ya mtu mmoja mmoja walikuwa wanawake.

Kuhusu mapenzi ya maisha yote, tukumbuke kwamba farasi huishi miaka 25 hadi 30, hivyo msichana aliyeanza na mtoto wa farasi anaweza kuwa na watoto wake mwenyewe huku farasi yuleyule angali zizini. Na mnyama huyo hasahau. Majaribio yaliyofanyika Ufaransa yalionyesha kwamba farasi waliofundishwa kwa upole na kwa kupewa chakula kama zawadi walimsogelea mwalimu wao walipomwona tena baada ya miezi mingi ya kutengana. Anayepanda farasi hadi uzeeni huwa amejulikana na mnyama wake kwa hatua zake, harufu yake na sauti yake.

Tuna msemo kwamba asante ya punda ni mateke. Bibi hakuukubali, wala mimi siwezi kuukubali baada ya niliyoyaona. Katika miaka yake ya mwisho, macho yalipokuwa yameingiwa na ukungu wa mtoto wa jicho, alikuwa akirudi jioni kutoka kwa jirani akitembea polepole kwa mkongojo. Sisi uani tulikuwa hatujasikia kitu, lakini yule punda alikuwa ameshaacha kula, na masikio yake yote mawili yalikuwa yamegeukia njia.