Dawa za Akili na Unene: Wiki za Mwanzo Ndizo za Kuangaliwa

Mgonjwa aliyeanzishiwa olanzapini au klozapini, dawa za magonjwa ya akili, anaweza kunenepa kilo kadhaa katika miezi 3 ya mwanzo, na nyumbani wakamwita mlafi. Si ulafi. Dawa hizi huziba vipokezi, yaani milango ya kupokea ujumbe, vya kemikali za histamini na serotonini kwenye ubongo, vinavyosaidia mtu kuhisi ameshiba, hivyo sahani ya pili ya wali wa nazi huliwa kwa njaa ya ile ya kwanza. Usingizi wa dawa humpunguzia mwendo, na insulini hupungua nguvu, sukari ya damu ikapanda.

Kwetiapini, risperidoni, valproeti, lithiamu, mirtazapini na amitriptilini nazo hunenepesha, ingawa kwa kawaida si kama zile mbili. Aripiprazoli na haloperidoli kwa kawaida hunenepesha kidogo zaidi.

Kabla ya kidonge cha kwanza, pimeni uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu. Kisha mgonjwa apande mizani kila wiki kwa wiki 6, mizani ileile, asubuhi kabla ya kula. Wiki ya 12 vipimo vyote virudiwe. Aliyeanza na kilo 60 akifika 63, yaani ongezeko la asilimia 5, aende kliniki, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Daktari anaweza kumbadilishia dawa au kumwongezea metifomini, dawa ya kisukari. Asiache dawa mwenyewe: ugonjwa ukirudi, hasara yake huzidi hizo kilo 3.

Jikoni, anzeni na vinywaji, maana hapo ndipo wengi hawahesabu. Baadhi ya dawa hukausha mdomo, lithiamu huleta kiu, na kwa joto la Mombasa mtu hushinda na soda na juisi ya miwa. Vikombe 4 vya chai vyenye vijiko 3 vya sukari kila kimoja ni karibu gramu 48 za sukari, na mahamri hajayagusa. Anywe maji. Ila wa lithiamu asipunguze maji wala chumvi ghafla, dawa itazidi kwenye damu na kumdhuru; akitaka kufunga Ramadhani, azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Njaa ya usiku ndiyo ngumu, na viazi karai havipo mbali. Chakula kipakuliwe jikoni, sufuria isifike mkekani. Atembee dakika 30, siku 5 kwa wiki, ufukweni Mama Ngina au mtaani kwao. Dawa ikimlaza mapema, atembee alasiri.