BCAA: shanga za rangi tatu kwenye mkufu wa rangi ishirini

Anayepiga tizi kwa miezi miwili mitatu hakosi kukutana na kopo lenye herufi nne, BCAA, yaani kirutubisho cha asidi amino tatu. Atalikuta kwenye rafu ya duka la virutubisho, au atamwona mwenzake akikoroga maji ya rangi ya waridi wakati wa kupumzika kati ya seti moja na nyingine. Ataambiwa kwamba asipoyanywa, misuli yake "itajila" yenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali la fedha: ninunue au niache? Kwa watu wengi wanaofanya mazoezi na kula vizuri, jibu langu ni waache. Sababu inaeleweka vyema mtu akijua asidi amino ni nini.

Protini yoyote, iwe ya msuli wa paja, ya yai au ya punje ya haragwe, ni mkufu mrefu wa shanga, na kila shanga ni asidi amino moja. Mwili hutunga mikufu yake kwa aina 20 za shanga. Aina 11 unaweza kuzitengeneza wenyewe. Tisa zilizobaki sharti ziingie kwa mdomo: histidini, isoleusini, leusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Hizo ndizo asidi amino za lazima. Threonini ndiyo iliyogunduliwa mwisho kati ya zote 20, na aliyeigundua ni William Rose wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1935. Leusini, isoleusini na valini zina umbo la kufanana, lenye kijitawi pembeni, na ndizo zinazofupishwa BCAA kwenye kopo, kutokana na Kiingereza "branched-chain amino acids".

Ukinyanyua vyuma au ukipanda mlima mbio, ndani ya misuli hufanyika kazi mbili kwa pamoja. Mikufu ya zamani inakatwa, mipya inatungwa. Msuli hukua pale kutunga kunapozidi kukata. Leusini ina jukumu la pekee katika kazi hii. Ikipanda kwenye damu huamsha ndani ya seli za msuli mtambo uitwao mTOR, na mtambo huo ndio unaowaita watungaji kazini. Biashara ya BCAA imesimama juu ya ukweli huo, na ni ukweli hasa. Shida ni kwamba umeachwa nusu. Watungaji wameitwa, wamefika, wameketi mkekani, na mbele yao kuna shanga za rangi tatu. Mkufu unadai zote. Zile 11 mwili utajitahidi kuzitoa, lakini sita za lazima zitoke wapi? Kama hujala, zitatoka kwenye misuli ile ile inayokatwa, ambayo kopo liliahidi kuilinda.

Mwaka 2017 mtaalamu wa lishe Robert Wolfe alipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu jambo hili, akahitimisha kwamba dai la BCAA peke yake kujenga misuli ya binadamu halina msingi. Mwaka huo huo watafiti wa Uingereza waliwapa vijana waliozoea vyuma gramu 5.6 za BCAA baada ya mazoezi. Utungaji wa protini ya misuli ulikuwa juu kwa asilimia 22 kuliko walipokunywa kinywaji kisicho na kitu. Si haba. Lakini kiasi hicho ni karibu nusu tu ya kile kilichokwisha kuonekana kwa protini ya whey yenye BCAA za kiwango kilekile. Whey ni protini ya yale maji yanayobaki maziwa yakitengenezwa jibini, na inabeba shanga zote tisa. Kijiko chake kimoja cha kupimia, chenye gramu 25 za protini, tayari kina gramu tano au zaidi za BCAA. Anayekunywa whey kisha akaongeza BCAA analipia kitu kilekile mara mbili.

Na maumivu ya misuli siku ya pili? Hapa BCAA zina nafuu kidogo, baadhi ya tafiti zimeiona. Nafuu hiyo mara nyingi ilipimwa dhidi ya kinywaji kitupu, si dhidi ya mlo wenye protini.

Sasa tuingie jikoni, maana hapo ndipo penye utajiri wenyewe. Mahindi yana leusini ya kutosha ila yamepungukiwa na lisini na triptofani. Maharage yana lisini tele, na upungufu wake ni methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukivichanganya, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Basi sahani ya makande, au githeri kwa ndugu zetu wa Kenya, ina rangi zote tisa. Bibi aliyeyaweka jikoni usiku kucha alikuwa ametimiza hesabu ambayo kopo la BCAA halijaitimiza. Wali kwa maharage ni hivyo hivyo, na ugali kwa dagaa umepita hapo, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini.

Kiasi je? Mtu asiyefanya mazoezi hukadiriwa gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa anayefanya, uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 49 za watu wanaonyanyua vyuma uliona kwamba faida ya kuongeza protini inafikia ukomo kwenye gramu 1.6 hivi kwa kilo. Mwenye kilo 70 hapo anahitaji kama gramu 112, na kwa mazoezi ya wastani 84 zinamfaa. Mayai mawili na kikombe cha maziwa ni gramu 20. Bakuli la makande lenye maharage ya kutosha ni 20 nyingine. Gao la karanga ni kama saba, na kipande kizuri cha samaki au kuku ni 35. Jumla ni 82, na ugali wenyewe hatujauhesabu. Anayetafuta zile 112 aongeze mtindi na maharage jioni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia chakula cha wanariadha 10 wa mbio ndefu wa Kenya, wa kiwango cha juu kabisa. Protini yao ilikuwa gramu 1.3 kwa kilo, na robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga. Ugali, maharage, maziwa, chai. Nawaza hilo kila nikimsikia kijana anayekimbia kilomita tano jioni akisema hawezi kuendelea bila kopo.

Kuna la tahadhari pia. Asidi amino zenyewe si dawa haramu michezoni, lakini kinachouzwa kwenye makopo si lazima kiwe kile kilichoandikwa. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 mwaka 2000 na 2001, na 94 vilikuwa na homoni zilizokatazwa ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Anayeshindana na kupimwa mkojo anabeba hatari hiyo peke yake. Na mwaka 1989 huko Marekani, vidonge vya triptofani vilihusishwa na ugonjwa wa misuli na damu uliowapata watu zaidi ya 1,500, wengine wakafa.

Wapo ninaowaelewa wakinunua. Mzee wa miaka 70 misuli yake haiitikii wito wa leusini kama ya kijana, na hamu ya kula imepungua. Huyo mchanganyiko wenye asidi zote tisa unaweza kumfaa, kwa ushauri wa daktari. Vivyo hivyo mgonjwa anayepata nafuu na hawezi kumaliza sahani. Anayefunga Ramadhani na kufanya mazoezi kabla ya futari asijidanganye na BCAA alasiri, kwani zinafunguza kama chakula kingine. Agawe protini yake kati ya futari na daku. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini ya aina yoyote, ya kopo wala ya nyama, kabla hajaonana na daktari wake.