Tenisi ya sebuleni: yanayosemwa na yalivyo

Kampuni ya Nintendo ilipotoa mashine ya gemu iitwayo Wii mwishoni mwa 2006, pamoja na Wii Sports, gemu ya michezo inayochezwa kwa kutikisa rimoti, hata wazee ambao hawakuwahi kugusa gemu walisimama sebuleni kurusha mikono. Tangu hapo watu wamegawanyika: wapo wanaoiita gym ya nyumbani, na wapo wanaoipuuza kabisa. Wote wamekosea kidogo.

Dhana: Ukicheza tenisi ya Wii, umecheza tenisi.

Rimoti ya Wii ina kihisi mwendo kinachofuata jinsi rimoti yenyewe inavyotikiswa. Miguu yako haikihusu. Kwenye skrini, mchezaji anaukimbilia mpira mwenyewe. Kazi yako ni kupiga kwa wakati tu. Mtazame mgeni wa gemu hii: mwanzoni anapinda goti, anazungusha kiuno, mkono mzima unaruka. Baada ya seti chache ameshagundua kwamba kukunja kifundo cha mkono kunatosha, basi anarudi kwenye kochi na anashinda vizuri tu. Kinachomchosha mtu kwenye uwanja halisi ni zile mbio fupi, kusimama ghafla na kugeuka, na hayo ndiyo mashine haidai. Anayetaka jasho lazima ajilazimishe mwenyewe: asimame, achezeshe miguu, apige kwa mkono mzima hata kama pointi ni zilezile.

Dhana: Hakuna mazoezi pale, ni kupoteza muda.

Mwaka 2008 shirika la American Council on Exercise lilidhamini utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse uliowapima vijana 16 wakicheza michezo yote mitano ya Wii Sports. Masumbwi yalichoma wastani wa kalori 7.2 kwa dakika, tenisi 5.3, besiboli 4.5, bolingi 3.9 na gofu 3.1. Tofauti ni kubwa, na ni masumbwi pekee yaliyofikia kiwango cha kuimarisha moyo na pumzi. Sababu inaeleweka: mikono yote miwili inafanya kazi, rimoti huku, Nunchuk (kishikio cha mkono wa pili) kule, na hakuna kungoja zamu. Kwa hiyo swali la maana ni unacheza mchezo gani, na kwa namna gani.

Dhana: Mnunulie mtoto gemu ya kusogea, atasogea zaidi.

Hapa wazazi wengi tunajidanganya. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Pediatrics mwaka 2012 uliwapa watoto Wii, nusu wakapata gemu za kusogea na nusu gemu za kukaa. Vifaa walivyovaa havikuonyesha tofauti ya mwendo kati ya makundi hayo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mpira wa nje bado unazipata kwa urahisi zaidi.

Dhana: Huwezi kuumia sebuleni.

Mwaka 2007 daktari mmoja wa Hispania aliandika katika New England Journal of Medicine kuhusu kijana aliyeamka na bega linauma baada ya saa kadhaa za tenisi ya Wii. Rimoti nayo huchomoka mkononi. Pasha bega moto kwanza, sogeza meza, funga kamba ya rimoti, na bega likianza kuvuta, zima mashine.