Vidonge vya kalsiamu haviamshi kinga ya mwili

Hapa Bukavu mtoto akitoka kuugua, mama ataambiwa tu: mnunulie vidonge vya kalsiamu apate kinga. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini si sahihi, na mama anaupokea akiwa na pesa kidogo.

Dhana: kalsiamu ni ya mifupa na meno tu.
Karibu asilimia 99 imo humo, kweli. Hiyo inayobaki ndiyo inayokaza misuli, moyo ukiwemo, na ndiyo inayozipa seli T, yaani chembe za damu zinazopambana na vijidudu, amri ya kuanza kazi.

Dhana: ukimeza nyingi, seli T zinakuwa kali zaidi.
Hapana. Tezi nne ndogo za shingoni hulinda kiwango cha kalsiamu katika damu, na mifupa huongezea ikipungua. Seli T haikosi kalsiamu ya kutumia: nje yake imejaa mara 10,000 hivi kuliko ndani. Kinachoamua ni mlango.

Seli T ikitambua kipande cha kijidudu, ghala lililo ndani yake humwaga kalsiamu. Protini STIM1 huhisi ghala linapungua, nayo hufungua mlango wa Orai1 kwenye utando wa seli. Kalsiamu ya nje huingia na kuiwasha kalsinurini, kimeng'enya kinachoiruhusu protini NFAT kuingia kwenye kiini. Hapo jeni za kinga huanza kazi, ikiwemo ya interlukini-2 inayozifanya seli T zizaliane. Mlango ukifungwa mapema, NFAT hutolewa nje ya kiini na kazi husimama.

Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za watoto waliozaliwa na Orai1 yenye kasoro. Kinga yao ilikuwa dhaifu mno, na kosa lilikuwa kwenye jeni, si kwenye sahani.

Tena, ishara ya kalsiamu isipoambatana na ishara ya pili, kama ile ya CD28, protini ya kupokea ishara iliyo kwenye utando wa seli hiyo, inaweza kuizimisha seli T badala ya kuiamsha!

Dhana: kuizuia ishara hii ni hatari tupu.
Aliyepandikizwa figo hupewa siklosporini au takrolimasi, dawa zinazozuia kalsinurini, ili seli T zisiishambulie figo mpya.

Kwa hiyo, mama, kama daktari hajaona upungufu, viache vidonge. Mpikie mtoto sambaza, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na umpeleke akapate chanjo ya surua: chanjo ndiyo inayozifundisha seli T adui wa kumtafuta.