Tunaposema "leo kuna fukuto"

Kila ifikapo Januari, sisi watabiri wa hali ya hewa huulizwa swali lile lile: mbona mmetangaza nyuzijoto 32 tu, na huku Dar es Salaam ni fukuto tupu?

Fukuto ni neno la mazungumzo, hulikuti kwenye jedwali la utabiri. Lakini lina kazi yake. Mchana wa Dodoma mwezi Novemba watu husema "jua kali", na ukiingia kivulini unapata nafuu. Fukuto hukufuata hadi kivulini, tena hadi kitandani usiku. Lina undugu na kufukuta, kama moto wa pumba unaoungua chini kwa chini bila mwali. Wanasiasa nao wamelidandia, siku hizi kila chama kina fukuto lake.

Kinacholeta fukuto ni unyevu. Mwili haupoi kwa kutoka jasho, hupoa jasho linapokauka. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, jasho hubaki likitiririka mgongoni. Ndani ya kisanduku cheupe cha kituo cha hali ya hewa kuna vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimeviringishiwa kitambaa kilicholowa. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka upesi na hicho chenye kitambaa hushuka mbali chini ya mwenzake. Siku ya fukuto, vinakaribiana. Nyuzijoto 32 kwenye unyevu wa asilimia 40 mwili huzihisi karibu kama zilivyo. Unyevu ukifika asilimia 70, huhisi kama nyuzi 40 hivi.

Pwani hali hii hukolea msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na huzidi upepo unapotulia wakati wa tangambili, yaani kipindi pepo za kaskazi na kusi zinapopokezana. Wazee wakilihesabu fukuto kuwa dalili ya mvua hawako mbali, maana unyevu huo ndio unaolisha mawingu ya radi. Lakini mara nyingine mvua hainyeshi.

Siku kama hizo, kazi nzito ifanyike alfajiri, na maji yanywewe kabla ya kiu. Mtu akianza kuweweseka au kupoteza fahamu huku mwili ukiwaka, hiyo ni dharura: mwondoeni juani, mmwagieni maji, mpepeeni, na awahishwe hospitali. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.